Mwacheni Daktari apost: kuileta Adui wa Umma ya Ibsen zama hizi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha maigizo tunaandaa Adui wa Umma ya Henrik Ibsen. Tumekubaliana tuiache hukohuko Norway, mji mdogo wa pwani, ila iwe mwaka huu sio 1882. Sasa tumekwama. Kwenye asili daktari anagundua maji ya mabafu ya tiba yamechafuka, gazeti linamkatalia kuchapisha, ndo anaitisha mkutano. Leo si angepost tu kwenye simu kila mtu akajua? Alafu ile hotuba ya mkutanoni ni ndefu mno, tuikate au tuiache?

JIBU: Marahaba. Mwacheni apost. Mpeni simu, mpeni na video ya majibu ya maabara, wala tamthilia haivunjiki, maana kinachomfunga Dk. Stockmann hakijawahi kuwa kukosa pa kusemea. Someni tena sehemu mbili za mwanzo taratibu. Majibu ya chuo kikuu yanafika kwa barua sehemu ya kwanza, na jioni ileile mhariri Hovstad na mwenzake Billing wanajua kila kitu na wanashangilia, kesho yake Aslaksen mwenye mtambo wa kuchapa anakuja mwenyewe kumwahidi kwamba wengi wa mji wako nyuma yake. Hapo siri iko wapi? Ukweli uko mezani kabla hata ya katikati. Kinachobadilika ni kwamba watu wanatajiwa bei yake.

Kwahiyo usukani wa marekebisho yenu uko sehemu ya tatu, ofisini kwa gazeti, pale Meya, ambaye ni kaka wa daktari, anapoingia kupitia mlango wa nyuma. Hamtishi mtu yeyote. Anataja hesabu tu, kwamba ukarabati utakula laki kadhaa za kroner na mabafu yatafungwa kama miaka miwili. Aslaksen ni mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, na wenye nyumba wa mji ule wanaishi kwa kupangisha wageni. Mimi ningeiandika hivi, kwa lugha ya leo:

MEYA: Wenye hisa hawatoi hata senti. Itabidi manispaa ikope.
ASLAKSEN: Manispaa ndo sisi.
MEYA: Na nani mwingine? Na kwa miaka miwili hakuna mgeni atakayekanyaga hapa.
ASLAKSEN: Miwili? Sasa sisi wenye nyumba tutakula nini?
(Anaichukua simu. Anaitazama posti ya Daktari.)

Basi, hapo msiongeze neno. Aslaksen ndo admini wa grupu la wenye nyumba, asubuhi aliisambaza posti ya daktari kwa mikono yake mwenyewe, na sasa mbele ya macho yetu anaifuta. Hovstad naye mnaweza kumfanya mwenye ukurasa mkubwa unaoishi kwa matangazo ya mabafu, na yeye haitaji kufuta chochote, anaandika tu kwamba taarifa inahitaji uchunguzi zaidi. Mtazamaji ataelewa bila kuelezwa kwasababu ameshayaona haya mara nyingi.

Jambo moja nawaomba sana, Meya asiwe shetani. Hesabu yake ni ya kweli, mji ule kweli utaumia. Mkimchezesha kama mla rushwa mtakuwa mmempa mtazamaji njia rahisi ya kutokea, atasema tatizo ni mtu mmoja mbaya akaenda zake kulala. Ibsen alilikwepa hilo kwa makusudi. Aliiandika akiwa Roma, baada ya tamthilia yake ya mwaka mmoja nyuma, Gengangere, kushambuliwa vibaya kwao, na waliomuumiza zaidi ni magazeti yaliyojiita ya kimaendeleo, wale aliotarajia wangesimama naye. Ndomana hasira kubwa ya tamthilia haiendi kwa Meya, inaenda kwa Hovstad na Aslaksen.

Sasa hotuba. Kateni urefu, ndio, ila kabla ya kushika mkasi angalieni kwanini inatokea. Mkutano unafanyika nyumbani kwa Kapteni Horster kwasababu hakuna aliyekubali kutoa ukumbi. Daktari amekuja kusoma ripoti ya maji. Kabla hajafungua mdomo wanachagua mwenyekiti, na anachaguliwa Aslaksen, kisha Meya anatoa hoja kwamba daktari asiruhusiwe kuongelea mabafu, na Aslaksen anapotaka kuipigia kura daktari mwenyewe anasema haina haja, mabafu hatayaongelea. Yani amenyamazishwa kwa utaratibu mzuri kabisa wa kikao. Hotuba inazaliwa hapo, mtu amezuiwa kusema alichojia kusema ndo anapasuka na kuanza kusema kwamba wengi hawajawahi kuwa sahihi. Hizo dakika chache za taratibu za kikao msiziguse, wengi wanaziruka wakidhani zinachosha, na matokeo yake hotuba inaonekana imetoka hewani.

Alafu kuna kipande kigumu, pale anapowalinganisha watu na mbwa, mbwa wa mtaani na mbwa wa ukoo bora. Kinanuka, na leo kinanuka zaidi kuliko 1882. Arthur Miller alipofanya toleo lake la Marekani mwaka 1950 alimsafisha daktari hapo, na namwelewa, vita ya pili ya dunia, ya Hitler na habari zake za damu bora, ilikuwa imeisha juzi tu. Ila mimi ningekiacha kidogo, hata mistari minne. Mtazamaji amekuwa upande wa daktari saa nzima, akisikia yale anashtuka, anaanza kujiuliza kama mtu akiwa sahihi kuhusu maji basi amekuwa sahihi kuhusu watu. Hilo swali mkilifuta mnabaki na tamthilia ya shujaa, na daktari huyu ni mgumu zaidi ya hapo.

Mkitaka njia ya ujasiri, kuna aliyoitumia mwongozaji Thomas Ostermeier wa ukumbi wa maigizo wa Schaubühne, Berlin, mwaka 2012: taa za ukumbi zinawashwa, watazamaji wenyewe wanaulizwa wako upande gani, na wanaongea. Mwaka 2018 waliipeleka Beijing, watu wakasimama wakasema waliyonayo moyoni kuhusu nchi yao, na maonyesho yaliyofuata Nanjing yakafutwa. Kwahiyo inafanya kazi, ila inahitaji mwigizaji wa Aslaksen mwenye kichwa kilichotulia, anayejua kumkatiza mtu kwa adabu, na muwe na mstari mmoja mliokubaliana wa kuwarudisha wote kwenye skripti hata kama ukumbi umechafuka. Lifanyieni mazoezi mkiwa na watu wageni, mkijaribu wenyewe kwa wenyewe mtabaki mnachekeana.

Sehemu ya tano watu wanaikimbiza na ni kosa. Pale kuna baba mlezi wa mke wa daktari, mzee Morten Kiil, mwenye kiwanda cha ngozi ambacho ndo kinachafua maji kuliko vyote. Siku bei imeshuka anazunguka mjini ananunua hisa za mabafu, kwa pesa ambayo ingekuwa urithi wa mke wa daktari na watoto. Sasa daktari akiendelea kusema maji ni machafu anawafukarisha wanawe kwa mdomo wake. Hiyo ni ya leo kiasi kwamba hamna cha kurekebisha. Jibu lake kwa Kiil kwenye asili ni kadi yenye neno "hapana" kubwa mara tatu. Kwenu iwe meseji, ila ichelewesheni, mtazamaji amwone anavyoitazama simu, mkewe amesimama pembeni, na kwa muda asijue atajibu nini.

Kuhusu haki, Ibsen alifariki 1906 kwahiyo asili ni huru, ila tafsiri mpya na matoleo kama la Miller yana wenyewe na lazima muombe ruhusa. Kama mnasoma Kiingereza, tumieni tafsiri ya Eleanor Marx-Aveling, binti wa Karl Marx, ya 1888, hiyo haina wa kuwadai. Anzeni na sehemu ya tatu kabla ya nyingine zote, na mkishauandika ule mgeuko wa Aslaksen nitumieni niusome.