Jibu: Kwa nini wasingemsubiri Kamanda Gilmore?

Mkuu, umeuliza kwa nini wale mabaharia wa Marekani hawakumsubiri Gilmore, kamanda wa nyambizi yao Growler, ashuke ndani ndipo izame. Angalia hali yenyewe. Ni usiku, Februari 1943, Pasifiki. Growler iko juu ya maji, na imetoka kugongana na meli ya Kijapani Hayasaki. Omo (sehemu ya mbele) ya Growler imepinda vibaya, na bunduki za mashine za Hayasaki zinaimwagia risasi kwa karibu kabisa. Nyambizi juu ya maji haina ubavu wa kujibizana na hali kama hiyo. Usalama wake ni kuzama chini ya maji.

Gilmore alikuwa amejeruhiwa, kashikilia pale juu ya mnara wa nyambizi. Aliagiza wote washuke. Wenzake wawili walishauawa palepale. Kumbeba majeruhi kupitia kile kitundu chembamba cha mnara kunataka muda, nao haukuwepo. Akaamuru nyambizi izame, yeye akiwa bado nje. Msaidizi wake, Schade, alisita kidogo (nani asingesita?), kisha akatii.

Kwa hiyo si kwamba walimtelekeza. Amri ilikuwa yake, na Growler ilifika Brisbane na mabaharia waliobaki. Gilmore alitunukiwa Nishani ya Heshima, wa kwanza miongoni mwa wananyambizi wa Marekani katika vita ile.