Maswali na Majibu: Mifugo na Wageni wa Porini Majira ya Theluji

Nimeziba kila tundu la banda ili kuku wasipate baridi, lakini ncha za upanga wao (nyama nyekundu ya utosini) zimekuwa nyeusi. Kosa liko wapi?

Ni huko kuziba. Usiku kucha kuku hutoa mvuke kwa pumzi na kinyesi. Ukikosa pa kutokea, hutua kwenye upanga na ndevu, kisha huganda. Kuku mkavu, asiyepigwa na upepo, huvumilia baridi kali sana. Anayelowa havumilii.

Fungua matundu karibu na paa, pande mbili zinazotazamana, juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala kwenye vichanja. Asubuhi kagua kioo cha dirisha: kikiwa na matone au barafu kwa ndani, hewa bado haitoshi. Kisha chuchumaa hadi usawa wa kuku. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia, na maranda yanahitaji kubadilishwa. Kichanja kiwe ubao bapa wa upana wa sentimeta 9 hivi, ili kuku afunike vidole vyote kwa manyoya anapolala. Sehemu iliyokuwa nyeusi usiisugue wala kuikata, itadondoka yenyewe. Taa ya joto tusingeiweka: vumbi, maranda na balbu ya moto ndivyo vinavyochoma mabanda.

Farasi wangu analamba theluji. Bado anahitaji ndoo ya maji?

Anahitaji, tena sana. Farasi mzima hunywa takriban lita 20 hadi 40 kwa siku, na theluji laini ya ndoo kumi hutoa maji ya ndoo moja hivi. Nyasi kavu bila maji ya kutosha hukwama tumboni na kumletea msokoto wa tumbo. Hakikisha maji yapo wazi wakati unapompa nyasi, maana ndipo anapokunywa zaidi. Maji yaliyopashwa kidogo hunywewa kwa wingi kuliko ya barafu.

Kulungu wanakuja hadi uani, wamekonda. Naweza kuwamwagia mahindi?

Usifanye hivyo, hata kama inauma kuwatazama. Kulungu hucheua kama ng'ombe, na vijidudu vya tumbo lake wakati huo vimezoea matawi, machipukizi na magome. Kubadilika ili vimeng'enye nafaka huchukua wiki kadhaa. Akila mahindi mengi ghafla, wanga huchachuka, asidi hupanda tumboni, na anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu akiwa ameshiba. Wanaokuta mzoga huo hudhani ni njaa.

Kuna jambo la pili: chakula kilichorundikwa mahali pamoja hukusanya wanyama pua kwa pua, na magonjwa husambaa kwa mate na kinyesi. Katika maeneo mengi kuwalisha kumekatazwa kisheria kwa sababu hiyo hiyo. Ukitaka kuwasaidia, angusha matawi ya miti ambayo tayari wanaila, hapa na pale, mbali na barabara. Marobota yako ya nyasi yazungushie uzio wa mita 2.4, mfupi kuliko huo wanaruka bila shida.

Asubuhi nakuta nyayo kuzunguka banda, zimepangwa kama mstari mmoja ulionyooka. Ni nani?

Huenda ni mbweha. Mguu wa nyuma hukanyaga karibu pale pale ulipokanyaga wa mbele. Mbwa wa nyumbani hupepesuka zaidi.

Wavu mwembamba wa kuku huzuia kuku wasitoke tu, mbweha huuchana. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya milimita 12, maana kicheche hupenya tundu la sentimeta 2.5. Ardhi ikiwa imeganda huwezi kuchimba, basi laza wavu juu ya ardhi, utokeze nje ya ukuta angalau sentimeta 30, uufungie kwenye ukuta na kuugandamiza kwa mawe mazito. Mbweha huanza kuchimba pale pale ukutani na kukutana na chuma. Funga mlango kabla giza halijaingia, kwa komeo lenye pini.

Theluji ilipoyeyuka nilikuta mitufaha imemenywa gome chini. Je, ni sungura?

Pima urefu. Gome lililotafunwa chini kabisa, kwa alama ndogo ndogo zilizoelekea kila upande, ni panya wa shambani waliopita kwenye vijia chini ya theluji. Sungura hukata vijitawi kwa mshazari, kama kwa kisu, na hufika juu kadiri theluji inavyomwinua.

Gome likiliwa kuzunguka shina lote, mti hufa usipopandikizwa vijiti vya kuunganisha juu na chini ya jeraha. Kabla ya theluji, zungushia shina wavu wa matundu ya milimita 6, ukiufukia sentimeta chache, na upite kimo cha theluji inayotarajiwa kwa sentimeta 45. Ondoa matandazo yanayogusa shina. Theluji ikianguka, ikanyagekanyage ishindiliwe kuzunguka mti; panya hushindwa kupita. Sumu achana nayo, kwani bundi anayemla panya huyo naye huugua.