Kurekebisha nafasi za vali kwenye injini ya Land Rover ya zamani

Wamiliki wengi wa Land Rover za zamani huanza kuzifikiria nafasi za vali, yaani mwanya mdogo kati ya ncha ya vali na roka (mkono unaoisukuma vali ifunguke), pale tu injini inapogongagonga, na hutulia mara kelele inapokwisha. Kwa uzoefu wangu wa kuzitunza injini hizi, hofu hiyo iko mahali pasipostahili. Nafasi iliyopanuka hupiga kelele, hula roka polepole na kupunguza nguvu kidogo, lakini humpa mwenye gari muda wa kuchukua hatua. Nafasi iliyobana haisemi chochote. Vali ya kutoa moshi hupoa hasa kwa kulaza kichwa chake kwenye kiti chake (duara la chuma inapokalia) kila inapofunga. Ikizuiwa kufunga sawasawa, joto hubaki kwake, na gesi ya moto inayopenya ukingoni huichoma hadi mgandamizo wa silinda hiyo upotee. Ndiyo maana injini iliyo kimya kabisa hunitia wasiwasi kuliko ile inayogonga kidogo.

Ninayoizungumzia ni injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2.25, iliyoingia kwenye toleo la Land Rover liitwalo Series II mwaka 1958 na kuendelea hadi Series III. Nafasi yake ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa vali zote nane, na inaruhusiwa kupimwa ikiwa baridi au ikiwa moto. Mimi huchagua baridi, gari likiwa limelala usiku kucha, kwa kuwa hali ya injini haibadilikibadiliki wakati kazi inaendelea na vidole haviungui. Ruhusa hiyo si ya kila injini: ile ya F ya Toyota Land Cruiser hupimwa ikiwa moto, tena vali zake za kuingiza na za kutoa zina vipimo tofauti, kwa hiyo namba ya gari moja isihamishiwe kwenye jingine.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, zuia magurudumu, weka gia nyutro, tenganisha betri na utoe plagi zote nne ili injini izunguke bila ukinzani. Hapa magari haya ya zamani yana neema yake, kwani hendeli ya kuwashia injini kwa mkono, inayoingizwa mbele ya gari, huizungusha injini taratibu kwa mkono na kuisimamisha pale unapotaka. Safisha tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini kinachofunika roka) na eneo linaloizunguka kabla ya kuiinua, maana mchanga ukidondokea kwenye roka utaingia kwenye oili.

Ukizihesabu vali kutoka mbele, ya 1, 4, 5 na 8 ni za kutoa moshi, na ya 2, 3, 6 na 7 ni za kuingiza mchanganyiko. Ili kujua ipi ipimwe wakati gani, tumia kanuni ya tisa: vali ya 8 ikiwa imefunguka hadi mwisho, pima ya 1, ya 6 ikiwa wazi, pima ya 3, na kadhalika, jumla ikiwa tisa daima. Kanuni hii haitokani na bahati. Silinda ya kwanza na ya nne hupanda na kushuka pamoja, lakini zimepishana kwa mzunguko mzima wa krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni), ambao ni nusu mzunguko wa kamshafti (shafti yenye nundu zinazofungua vali). Hivyo, nundu ya kamshafti inayosukuma vali ya 8 ikifika kileleni, ile ya vali ya 1 imegeuza mgongo wake, na hapo ndipo nafasi inapopimika kwa uhakika. Silinda ya pili na ya tatu nazo zina uhusiano huohuo. Injini ya silinda sita haifuati jumla hii.

Legeza nati ya kufungia, ingiza kibamba cha fila geji (seti ya vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) kati ya roka na ncha ya vali, kisha geuza skrubu kwa bisibisi hadi kibamba kitoke kwa ukinzani mwepesi, kama karatasi inayovutwa kutoka katikati ya kitabu kizito. Ukikaza nati, skrubu huelekea kuzunguka pamoja nayo na kuibana nafasi, kwa hiyo ishikilie kwa bisibisi na upime upya baada ya kukaza. Kipimo kilichochukuliwa kabla ya nati kukazwa sikihesabu kuwa kipimo.

Jambo linalowasumbua watu zaidi ni roka zilizoliwa. Uso wa roka unaogusa vali huchimbika kwa miaka, na kibamba kilichonyooka hukaa juu ya kingo za shimo hilo bila kufika chini yake. Shimo likiwa na kina cha milimita 0.10, nafasi halisi itakuwa milimita 0.35 ingawa kibamba cha 0.25 kinabana vizuri, na injini itaendelea kugonga. Usiijibu kelele hiyo kwa kubana zaidi. Toa roka zichongwe upya au zibadilishwe. Kwa muda unaweza kutumia kibamba chembamba kinachoingia ndani ya shimo, au saa ya kupimia (dial gauge, kipimo chenye mshale).

Andika vipimo ulivyovikuta kabla ya kuvibadilisha. Vali ya kutoa moshi ambayo nafasi yake hupungua kila inapopimwa, ilhali hakuna aliyeigusa skrubu, kwa kawaida inazama kwenye kiti chake. Viti vya zamani vilikingwa na risasi (madini ya ledi) iliyokuwamo kwenye petroli, ambayo haiuzwi tena kwa magari ya kawaida popote duniani tangu Algeria ilipoiacha mwaka 2021. Ukiona dalili hiyo, fupisha muda kati ya upimaji mmoja na mwingine, na panga kuweka viti vigumu zaidi hedi (sehemu ya juu ya injini yenye vali) itakapofunguliwa. Hedi ikishafunguliwa na kufungwa, boliti zake zikazwe kwanza, ndipo vali zipimwe, maana kukaza boliti hubadilisha nafasi zote.

Rudisha tapeti kava ikiwa na gasketi nzima, na ukaze nati zake tatu kwa kiasi tu. Zikizidishwa, bati la kava hupinda na oili huvujia kwenye ekzosi.