Kabla ya kuiamini namba ya ugumu wa ini: mambo yanayoathiri kipimo cha ultrasaundi

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ya kila siku imekuwa kupima ugumu wa ini kwa ultrasaundi, kwa kuwa ini lenye makovu huwa gumu, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote, na wagonjwa na hata madaktari wanaowatuma, ni kama namba inayotoka inaaminika. Jibu langu ni kwamba inaaminika sana ikiwa imepatikana kwa masharti yake, na kwamba sehemu kubwa ya masharti hayo haimo ndani ya mashine. Imo katika chakula alichokula mgonjwa, katika pumzi yake, katika hali ya moyo wake, na katika mkono wa anayeshika probu, yaani kile kifaa kinachowekwa kwenye ngozi.

Inafaa kwanza kuelewa mashine inapima nini, kwa sababu hapo ndipo makosa yote yanapopata njia. Mashine haiupimi ugumu wenyewe. Inaisukuma tishu, ama kwa kuigonga ngozi kutoka nje kama inavyofanya mashine iitwayo FibroScan, ama kwa mpigo wenye nguvu wa sauti unaolenga ndani ya ini, kisha inafuatilia mtikisiko unaosambaa kutoka pale ilipoisukuma. Mtikisiko huo huenda polepole, mita moja hadi mita chache kwa sekunde, wakati sauti ya ultrasaundi hupita katika tishu laini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, na tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha mashine kuufuatilia hatua kwa hatua. Tishu ikiwa ngumu, mtikisiko hupita haraka zaidi. Kasi hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa 3, ili kupata ugumu kwa kilopaskali, kizio kinachoandikwa kwenye ripoti: mita 1.5 kwa sekunde huwa kama kilopaskali 6.8, na mita 2 kwa sekunde huwa 12. Kwa hiyo kosa la asilimia 10 katika kasi huwa kosa la asilimia 21 katika kilopaskali, na anayesoma ripoti hawezi kuliona.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni chakula, kwa kuwa ndilo rahisi zaidi kulidhibiti na ndilo linalopuuzwa zaidi. Mtu akila, damu inayotoka matumbo kwenda kwenye ini huongezeka, ini hujaa, na kwa kuwa limefungwa ndani ya utando wake, hukakamaa. Hali hiyo huchukua saa 2 hadi 3 kutulia, na kwa mtu ambaye ini lake tayari lina makovu, ongezeko huwa kubwa zaidi. Mimi humwomba mgonjwa asile kwa muda wa saa 4 kabla ya kipimo, na nikishamlaza kitandani humuuliza tena, si kama amefunga, bali alikula nini mara ya mwisho na wakati gani. Watu wengi hujibu kwamba wamefunga, halafu swali la pili linaonyesha kwamba walipata kinywaji chenye maziwa walipokuwa wakisubiri, nao hawakukihesabu kuwa chakula. Mgonjwa wa namna hiyo humpangia muda mwingine hata kama amesafiri kutoka mbali, kwa kuwa namba iliyopanda kwa sababu ya mlo inaweza kumwingiza mtu katika kundi la wenye makovu makubwa ambalo si lake.

Baada ya chakula huja pumzi. Ini husogea na kiwambo cha kupumulia, na mtikisiko tunaoufuatilia ni mdogo mno kiasi kwamba ini likihama kidogo tu, hesabu huvurugika. Lakini ukimwambia mtu abane pumzi, kwa kawaida atavuta hewa nyingi, atajaza kifua na kukaza tumbo, na kwa kufanya hivyo ataongeza shinikizo katika mishipa inayoondoa damu kwenye ini. Kinachotakiwa ni asimamishe pumzi pale ilipofika katika kupumua kwa kawaida. Nimeona inasaidia kufanya mazoezi kabla ya kupaka jeli: ninamwacha apumue taratibu, ninaangalia tumbo lake likipanda na kushuka, na mara linaposhuka ninamwambia kwa sauti ya chini, "Simama hapo hapo." Tukirudia mara mbili tatu, huelewa. Kwa mashine zinazochora ramani ya ugumu kwa rangi, ninasubiri sekunde 3 hadi 5 hadi rangi zitulie ndipo nisimamishe picha, kwa sababu rangi za mwanzo bado huwa zinachezacheza.

Mgonjwa hulala chali, au akageuka kidogo upande wa kushoto, mkono wa kulia ukiwa juu ya kichwa ili nafasi kati ya mbavu ipanuke. Kipimo hufanywa upande wa kulia wa ini kupitia nafasi hiyo. Upande wa kushoto uko jirani na moyo, kila pigo huutikisa, na namba zake huwa za juu na zenye kuyumba. Probu ikikaa vizuri, utando wa ini huonekana kama mstari mweupe mkali uliolala sambamba na uso wa probu. Mstari huo ukififia au ukiinama, pembe imeharibika, na hakuna sababu ya kubonyeza kitufe. Dirisha la kupimia huwekwa sentimita 1.5 hadi 2 chini ya utando, mbali na mishipa mikubwa, mfuko wa nyongo na kivuli cha ubavu. Ukilisogeza juu zaidi, unapima miangwi ya utando. Ukilishusha sana, mpigo wa kusukuma unafika ukiwa umeshapoteza nguvu.

Kwenye ini, mbavu hutukinga na kosa la kubana mno kwa mkono. Kwenye titi, tezi ya shingo na misuli hakuna kinga hiyo: probu ikikandamizwa, tishu iliyo chini yake hukakamaa papo hapo, na uvimbe usio na madhara unaweza kuonekana mgumu kama wa saratani. Huko ninaweka jeli nyingi na kuiacha probu ielee juu yake. Msuli una sharti lake la ziada, kwamba mtikisiko hupita haraka kufuata nyuzi kuliko kuzikata, kwa hiyo mwelekeo wa probu na pembe ya kiungo lazima viandikwe, la sivyo kipimo cha mwezi ujao hakitalinganishwa na cha leo.

Mafuta chini ya ngozi nayo yana sehemu yake. Probu ya kawaida ya FibroScan husoma kati ya sentimita 2.5 na 6.5 kutoka kwenye ngozi. Ikiwa umbali hadi kwenye utando wa ini unazidi milimita 25, sehemu ya eneo hilo inaangukia kwenye mafuta, na inabidi kutumia probu kubwa inayosoma kati ya sentimita 3.5 na 7.5. Mwenye maji tumboni hapimwi kwa mashine ya kugonga ngozi, kwani mtikisiko wa aina hii haupiti kwenye kimiminika.

Yote niliyotaja hadi hapa yanahusu namba isiyo sahihi. Lipo kundi jingine ambalo, kwa maoni yangu, hupotosha matibabu zaidi, nalo ni la namba iliyo sahihi kabisa inayosomwa vibaya. Ini linaweza kukakamaa bila kovu hata moja. Homa ya ini ya ghafla hulivimbisha. Nyongo ikizuiwa kutoka, shinikizo hupanda ndani yake. Moyo ukishindwa kusukuma damu upande wa kulia, damu hurudi nyuma na kulijaza ini, na namba inaweza kufikia kiwango cha sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, kwa mtu asiye na sirosisi. Anayekunywa pombe nyingi akiacha kwa wiki chache, namba hushuka kwa sababu uvimbe umepungua, ingawa makovu yako palepale. Ndiyo maana siandiki ripoti kabla ya kuona majibu ya damu: ikiwa vimeng'enya vya ini vimezidi mara 5 ya kikomo cha juu cha kawaida, ninashauri kipimo kirudiwe baada ya uvimbe kutulia. Na kwa kuwa probu ya picha za kawaida ipo mkononi, ninaitazama mishipa ya ini iliyo karibu na moyo. Ikiwa imetanuka, ninamwarifu daktari kuhusu moyo kabla ya kumwambia lolote kuhusu makovu.

Vipimo vyenyewe hutoa ushahidi wa ubora wao, na ni vema kuusikiliza. Kwa FibroScan tunachukua vipimo 10 vinavyokubalika na kuripoti namba iliyo katikati yake vikipangwa kwa ukubwa, wala si wastani, kwa sababu kipimo kimoja kilichopotoka huuvuta wastani. Kisha tunaangalia ile nusu ya kati ya vipimo imetawanyika kiasi gani. Mtawanyiko huo ukizidi asilimia 30 ya namba ya katikati katika kilopaskali, au asilimia 15 ikiwa tunatumia mita kwa sekunde, matokeo hayana uthabiti wa kutosha. Mashine za aina nyingine huridhika na vipimo vichache, lakini kanuni ya mtawanyiko ni ileile. Sishauri kuendelea kubonyeza hadi vipimo vinavyopendeza vitimie. Vikitawanyika, kuna sababu, na kwa kawaida ni pumzi au pembe.

Mashine mbili tofauti hazitoi namba moja kwa ini lilelile. Ini lina mnato, kwa hiyo kasi ya mtikisiko hubadilika kulingana na marudio ya mtikisiko kwa sekunde. FibroScan hutumia 50. Mpigo wa sauti huzalisha mchanganyiko mpana zaidi na wa juu zaidi. Viwango vya kukadiria ukali wa ugonjwa wa ini vilivyokubaliwa katika mkutano wa wataalamu uitwao Baveno wa mwaka 2021, vinavyopanda kwa tano tano kutoka kilopaskali 5 hadi 25, viliwekwa kwa ajili ya mashine ya kugonga ngozi, na si haki kuvihamishia kwenye mashine nyingine kama vilivyo. Kwa anayefuatiliwa mwaka hadi mwaka, ushauri wangu ni arudi kwenye mashine ileile, probu ileile na hali ileile ya kufunga. Ikishindikana, kipimo cha mashine mpya kihesabiwe kuwa mwanzo mpya.

Mgonjwa ana haki ya kuomba ripoti inayoonyesha haya yote. Itaje jina la mashine na probu, idadi ya vipimo, namba ya katikati na asilimia ya mtawanyiko, saa alizokaa bila kula, na hali ya vimeng'enya vya ini siku za karibuni. Ikiwa ina namba peke yake, arudi kwa aliyempima na aulize yaliyobaki, huku kumbukumbu za mashine zikiwa bado hazijafutwa.