Siku moja Salt Lake City: pigeni simu nyumbani kabla hamjapanda ndege

"Na mama yake huyo bibi yako aliitwa nani?"

Mzee aliyetuhudumia kwenye maktaba ya kumbukumbu za koo aliuliza kwa upole, kalamu mkononi, na mume wangu akanyamaza. Mtu wa Ujiji, anayeweza kukutajia wavuvi wa Kibirizi mmoja mmoja, aliishiwa majina kwenye kizazi cha tatu. Salt Lake City ilikuwa saa tano asubuhi. Kwetu ilikuwa saa mbili usiku. Nikamwambia, mpigie shangazi sasa hivi kabla hajalala.

Ushauri wangu mkubwa kwa wanandoa wanaotaka kuuona mji huu ni huo: pigeni simu nyumbani kwanza, muandike majina ya wazee kwenye daftari. Wenzetu wengi hapa Texas wakienda Utah hupita mjini hapo kwa saa mbili, wakapiga picha ya hekalu, wakakimbilia milimani. Sisi pia tulipanga hivyo, tukisherehekea miaka kumi ya ndoa. Bila yule mzee tungeondoka na picha tu.

Chagueni Alhamisi. Jumapili maduka ya City Creek, katikati ya mji, hayafunguliwi, maktaba ninayoisimulia nayo inafungwa. Alhamisi jioni kuna mazoezi ya kwaya, na kwa kawaida watu wote wanakaribishwa bila kiingilio. Hakikisheni ratiba kabla ya kwenda. Kutoka uwanja wa ndege kuna treni ya mjini moja kwa moja, na ndani ya eneo la katikati ya mji hamlipi nauli.

Vaeni viatu vya chini. Wamormoni walipofika bondeni hapa Julai 1847 wakiongozwa na Brigham Young, waliupima mji kama ubao wa bao: mitaa imenyooka, barabara zina upana wa mita 40 hivi ili mkokoteni wa ng'ombe uweze kugeuka. Anwani zote huhesabiwa kutoka uwanja wa hekalu, hivyo 300 South ni mitaa mitatu kusini. Ukishalielewa hilo hupotei tena. Ila mtaa mmoja ni karibu mita 200, na kwenye ramani unauona mfupi. Mji uko mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu sana. Midomo yangu ya Tanga ilipasuka siku ya kwanza. Bebeni maji na mafuta ya kupaka.

Jambo jingine ni jina. Tangu 2018 viongozi wa kanisa hilo la Wamormoni wamesisitiza liitwe kwa jina lake kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mkilitaja hivyo mara ya kwanza mtaona nyuso zinavyofunguka.

Hekalu tulilikuta limezungukwa na vyuma vya mafundi. Lilijengwa kwa miaka 40, kuanzia 1853 hadi 1893, kwa mawe yaliyochongwa korongoni na mwanzoni kuvutwa na ng'ombe. Lilifungwa mwishoni mwa 2019 ili liimarishwe dhidi ya matetemeko. Kanisa limetangaza kwamba litafunguliwa kwa watu wote kuanzia Aprili hadi Oktoba 2027. Baada ya hapo wataingia waumini wenye kibali tu. Kama mna nafasi ya kuchagua mwaka, ngojeni kipindi hicho.

Aliyetutembeza uwanjani alikuwa msichana mmisionari, na kwenye beji yake kulikuwa na bendera ya Kongo. Aliposikia tunavyosemezana, akatugeukia na Kiswahili cha Lubumbashi. Mimi nilitaka kulia! Alitupeleka kwenye Tabernacle, ukumbi wa 1867 wenye paa lililopinda kama ganda la yai, halina nguzo hata moja katikati. Mtu alisimama mbele akaangusha pini, nasi tuliokaa nyuma kabisa tukaisikia. Kinanda chake kina mabomba 11,623.

Baadaye nilimwuliza kuhusu 1978. Tangu 1852, wanaume wenye asili ya Afrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hili, na waumini weusi, wake kwa waume, walinyimwa ibada kuu za hekaluni. Zuio hilo liliondolewa Juni 1978. Nilihofia nimemkosea adabu. Akaniambia kwamba hilohilo ndilo mama yake alilomwuliza usiku wa kuamkia safari yake, na kwamba bado analiombea. Hakunipa jibu la kukariri, na kwa hilo nilimheshimu. Ulizeni, ila ulizeni kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni kwa mtu.

Kutoka hapo tulivuka barabara tu, tukaingia FamilySearch Library. Ni ghorofa tano za kumbukumbu za koo kutoka pande nyingi za dunia, na kiingilio ni bure. Sababu yake ni imani yenyewe. Kwao ndoa iliyofungwa hekaluni haikomi kifo kinapowatenganisha wawili. Ni ya milele, na ukoo mzima unaweza kuunganishwa hivyo, walio hai na waliokufa. Ndiyo maana wamekusanya majina tangu 1894, na katika nchi kadhaa za Afrika hutuma watu kukaa na wazee na kuandika simulizi za ukoo kabla hazijazikwa nao.

Hapo mjiandae kwa mambo mawili matatu. Waelezeni mapema kwamba jina letu la tatu ni la babu, si la ukoo, la sivyo mashine itawatafutia watu wasiowahusu. Msitegemee vyeti, bibi zetu wengi hawakuandikwa popote. Na msione haya kuhusu mitala. Babu yake mume wangu alikuwa na wake watatu, na mume wangu alilisema kwa sauti ya chini. Mzee akatabasamu: baba wa babu yake mwenyewe alikuwa nao wanne. Akatuonyesha mahali pa kuongeza mke mwingine. Nyumba za Brigham Young na wake zake, Beehive House na Lion House, bado zipo hatua chache kutoka hapo. Kanisa lilitangaza kuacha ndoa za wake wengi mwaka 1890, na leo muumini anayeoa mke wa pili hutengwa.

Shangazi alipokea simu mara ya pili ilipoita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Kwema huko?"

Alipoambiwa kinachotakiwa alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutiririsha majina, na mimi naandika. Tulikaa pale hadi saa tisa. Muziki wa kinanda wa saa sita tuliukosa, wala sijutii.

Sasa lipo jambo la kuamua mkiwa wawili, kabla hamjafika mezani. Majina ya waliokufa mkiyaweka kwenye mti wa ukoo wa pamoja, kila mtu anaweza kuyaona. Kanisa hili pia hubatiza watu kwa niaba ya wafu, ingawa waumini huelekezwa kushughulikia mababu zao wenyewe, na kwa mafundisho yao marehemu anaweza kukataa. Sisi ni Waislamu. Tulijadiliana kwa kunong'ona, tukaamua majina ya bibi zetu yabaki kwenye daftari letu. Tulipomweleza mzee, hakutusukuma hata kidogo. Wengine wataamua vingine, ila amueni mkijua.

Alasiri tulipanda teksi hadi This Is the Place, bustani ya kumbukumbu iliyo kwenye mlango wa korongo walikopitia wale wa 1847. Nendeni moja kwa moja kwenye sanamu zilizozinduliwa Julai 2022. Green Flake yupo pale, na wenzake wawili, Hark na Oscar. Walikuwa watumwa, na waliingia bondeni na kundi la kwanza kabisa. Yupo pia Jane Manning James, mwanamke huru aliyetembea sehemu kubwa ya njia kutoka Connecticut hadi Illinois kwa ajili ya imani yake, akafika Utah mwaka huohuo wa 1847. Aliomba tena na tena apewe ibada za kuunganishwa na familia yake hekaluni, akakataliwa, akafariki 1908 bado akingoja. Nilikuwa nimetoka kuandika majina ya kina bibi asubuhi ileile. Nilisimama mbele yake muda mrefu, mume wangu amenishika mkono, hatukusema kitu.

Ziwa la chumvi liachieni siku ya pili. Mume wangu aliuliza kuhusu samaki, akaambiwa hakuna, maji ni makali mno kwao. Kwa mtoto wa Tanganyika hiyo ilikuwa habari nzito.

Saa moja na nusu usiku tulikuwa tumekaa tukisikiliza kwaya. Waimbaji ni kama 360 na hakuna anayelipwa. Walikuwa wakirudia mstari mmoja, wanasimamishwa, wanaanza upya, na simu ya mume wangu ikatetemeka mfukoni. Kwao kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Shangazi aliamka kwa ajili ya swala, akakumbuka majina mengine mawili, akatuma ujumbe wa sauti. La mama yake yule mke wa tatu hata yeye halijui. Anasema kuna binamu Uvira, ng'ambo ya ziwa, ambaye huenda analo, na ametutumia namba yake.