Nota Mbili Zinatosha: Nilivyowafundisha Watoto kwa Jazi

Kwa miaka minne sasa, kila Jumamosi asubuhi hukaa na watoto 12 wa mtaani kwetu tukipiga jazi kwa vyombo vya kuungaunga: kinanda kidogo cha umeme, filimbi za plastiki, ngoma mbili na ndoo ya rangi iliyofudikizwa. Wazazi wengine hudhani ninawafundisha muziki wa Morogoro Jazz au Dar es Salaam Jazz, bendi ambazo kwa kweli zilipiga dansi na kubakia na jazi katika jina. Nami sioni haja ya kubishana nao.

Mwanzoni nilikosea. Niliamini kwamba ubunifu wa mtoto huja akiachiwa uhuru wote, kwa hiyo niliwaambia wapige chochote watakacho. Wenye nguvu waligombania ngoma, jirani akatoka nje kuuliza kulikoni, na msichana mmoja mpole akaisukuma filimbi yake chini ya kiti, akakaa akiutazama mlango. Kwa wiki tatu hakurudi.

Kilichoniokoa ni "C Jam Blues" ya mpiga piano wa jazi wa Marekani, Duke Ellington, ambayo wimbo wake mkuu una nota mbili tu, so na do. Mtoto ambaye hajawahi kugusa kinanda huushika upesi, na akishaushika tunampa zamu yake ya kubuni, hesabu nne mara nne, kwa nota hizo hizo mbili, huku wenzake wakipiga makofi kwenye pigo la pili na la nne. Kwa kuwa nota ni chache, mtoto hulazimika kutafuta utajiri kwingine: huchelewesha pigo, hunyamaza kidogo, hunong'ona kwa filimbi kisha akapuliza kwa kishindo.

Sharti letu ni moja: anayepokea zamu aanze na kitu alichokisikia kwa mwenzake. Hawezi kulitimiza ikiwa muda wote alikuwa akijipangia yake kichwani. Kuitikiana si jambo geni kwa watoto wetu, na jazi yenyewe ilikua New Orleans miongoni mwa Wamarekani weusi waliorithi desturi hiyo kutoka Afrika. Lakini katika michezo na kwaya zetu kiitikio hujulikana mapema, ilhali katika jazi jibu hutungwa papo hapo, tena mbele ya watu, na ndiyo maana usikivu unaohitajika ni wa namna nyingine kabisa.

Yule msichana aliporudi, nilimweka nafasi ya pili kwenye duara, baada ya mvulana mmoja mcheshi. Mvulana akateleza, kidole kikaangukia fa, na wenzake wakaangua kicheko. Msichana akaanza na fa ile ile, akaipuliza mara tatu, polepole, kisha akashuka hadi do. Kicheko kikakatika. Ndipo nilipowasimulia kisa ambacho mpiga piano Herbie Hancock amekieleza mara nyingi: miaka ya 1960, wakiwa jukwaani Stuttgart, Ujerumani, alikosea vibaya katikati ya wimbo, na mpiga tarumbeta Miles Davis, kiongozi wa bendi yao, baada ya kutulia kidogo, akapiga nota zilizolifanya kosa lile lionekane kuwa ndilo lililokusudiwa.

Ukitaka kujaribu, duara moja lisizidi watoto sita, kwa sababu zamu zikichelewa mno wanaanza kufinyana. Usimsahihishe mtoto zamu yake ikiendelea, hata kama masikio yanakuuma, na usiwe na haraka ya kuongeza nota ya tatu; sisi tulikaa na mbili kwa miezi miwili. Ya tatu ilikuwa fa, ambayo wenyewe wanaiita "nota ya kupotea". Mimi hupewa ndoo, na nikianza na changu badala ya walichokipiga wao, wananisimamisha nirudie.