Muuguzi mpya kwa wafugaji: uliza kwa namna ambayo utaambiwa ukweli

Mleta uzi, pole na hongera kwa ajira. Kwa wasiosoma bandiko lake: huyu mdogo wetu ametoka chuo, amepangiwa zahanati ya wafugaji huko Manyara, Kimaasai hajui. Anasema akina mama wanafika leba wamechelewa, wengine hawataki kuhudumiwa na mwanaume, na akiuliza habari za dawa za kienyeji wote wanakana. Anaomba kitabu cha mila za Wamaasai ajisomee.

Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi wodi ya wazazi Tanga, kisha kanda ya kaskazini, na ninakushauri hicho kitabu usikitegemee. Nchi hii ina makabila zaidi ya 120, na hata ndani ya boma moja bibi na mjukuu wake hawakubaliani kila kitu. Ukiingia na orodha ya "Wamaasai hufanya hivi", utamhudumia Mmaasai wa kwenye orodha, na yule aliyelala kitandani utamkosa.

Kinachofaa zaidi nilikipata kwa Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani aliyeasisi fani ya uuguzi unaozingatia tamaduni, baada ya kuishi na jamii ya Wagadsup wa Papua New Guinea miaka ya 1960. Anataka kila desturi uipime: hii tuiache ilivyo na kuilinda, hii tukubaliane namna ya kuirekebisha, hii tumsaidie mtu aiache kwa sababu inamdhuru. Ukipima kwa haki utaona nyingi zinaangukia kundi la kwanza. Mama anataka kuchuchumaa wakati wa kusukuma? Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasema mama achague mkao anaoutaka. Familia inataka kondo la nyuma ikazike nyumbani badala ya kutupwa kwenye shimo la kondo? Ongea na mfawidhi wako, yaani mkuu wa zahanati, kisha wapeni kwenye chombo kisichovuja na maelekezo ya kulibeba. Hapo hakuna cha kugombana.

Dawa za kienyeji ni habari nyingine, na hapo ndipo nakuomba usome polepole. Sehemu nyingi za nchi yetu mama akianza uchungu hupewa mitishamba ya kuuongeza. Akifika kwako, nawe usijue, akawekewa dripu ya oksitosini (dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu) juu ya ile mitishamba, mfuko wa uzazi unaweza kuchanika. Kwa hiyo jibu lake ni taarifa ya matibabu, lina uzito uleule wa presha na mapigo ya moyo wa mtoto. Sasa angalia tunavyouliza: "Mama, umekunywa dawa za kienyeji wewe?" na sauti imepanda, na wodi nzima inasikia. Nani atasema ndiyo? Kila mama ameshasikia habari za mwenzake aliyefokewa. Mimi huuliza hivi: "Uchungu ulipoanza, wazee nyumbani walikusaidia na nini?" Namuuliza yeye peke yake, kisha namuuliza mama mkwe pembeni. Wakisema, nawashukuru kwa kunieleza, naandika kwenye faili, namjulisha daktari. Sifoki, hata kidogo. Siku utakapofoka ndiyo siku taarifa hiyo itakatika, na haitakatika kwa mama huyo tu.

Vivyo hivyo chakula. Utakutana na wajawazito wa Kimaasai wanaopunguza kula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa. Usiseme ni ujinga. Mtu anayeishi saa nyingi kutoka kwenye chumba cha upasuaji ana sababu nzito ya kuogopa mtoto aliyekwama. Ukimwambia "kula sana mtoto akue" umemthibitishia hofu yake. Ongelea damu: atapoteza damu akijifungua, na mwenye damu kidogo huzidiwa haraka. Hofu ya kutokwa damu anaijua, na hapo mnaanza kuelewana kuhusu maharage, nyama na mboga. Halafu muulize vidonge vya FEFO (vya madini ya chuma na foliki asidi) anavimeza na nini. Mara nyingi jibu ni chai ya maziwa, na chai na maziwa vyote viwili vinazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Ameze kwa maji, chai aisogeze mbele saa moja au mbili. Maziwa haachi, anabadilisha saa tu.

Kuhusu kukataliwa kwa sababu ni mwanaume, usiumie moyo. Kama mwenzako wa kike yupo zamu, badilishaneni. Kama uko peke yako usiku, mruhusu mama mkwe au mkunga wa jadi aingie asimame upande wa kichwa cha mama, mfunike mama kwa shuka lake mwenyewe, na umweleze unachotaka kufanya kabla mkono wako haujamgusa. Wengi hukubali wakiona kuna mwanamke wao anayetazama.

Lugha: usimtumie mume wala mtoto kutafsiri maswali ya kutokwa damu, mimba zilizotoka au VVU. Mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kike anayejua Kimaasai, mwelekeze kuhusu kutunza siri, umtazame mgonjwa unapoongea na si mkalimani. Wewe mwenyewe anza na salamu. Kina mama wasalimie "Takwenya", watakuitikia "Iko".

Na usidhani utamaduni ni wa wafugaji peke yao. Nilipokuwa Tanga, mwezi wa Ramadhani wagonjwa wa kisukari walikuwa wanaacha dawa kimyakimya, au wanameza glibenklamidi yao ileile (dawa ya kushusha sukari) huku wamefunga, sukari inashuka mchana wanazirai. Kur'ani (2:185) imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, lakini neno hilo likitoka kwa imamu lina nguvu kuliko likitoka kwangu, kwa hiyo ongeeni na imamu kabla mwezi haujaandama. Anayeamua kufunga apelekwe kwa daktari apangiwe dozi upya. Dawa za mara moja kwa siku mara nyingi huweza kuhamia futari au daku.

Kuna desturi ambazo siziheshimu, na nasema wazi. Ukeketaji ni mmojawapo. Kumkeketa msichana chini ya miaka 18 ni jinai kwa sheria ya 1998. Lakini mama aliyekwisha kukeketwa, akifika leba, si mshtakiwa. Usigune, usiite wenzako waje kuona. Mhudumie. Siku ya kuruhusiwa, kama amezaa binti, kaa naye umuulize yeye mwenyewe alipitia nini, kisha ongeeni juu ya huyo binti. Nimeona akina mama wakilia kwenye mazungumzo hayo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

La kuchelewa kufika leba haliishii leba. Omba uende huduma ya mkoba (ya kuwafuata watu huko wanakoishi) na wahudumu wa jamii, usalimie wazee wa boma, na kliniki muulize kila mjamzito: nyumbani nani anaamua safari ya hospitali, na asipokuwepo ameacha neno kwa nani? Mara nyingi mume yuko na ng'ombe mbali, na mama anasubiri ruhusa huku damu inatoka. Mwite mume mapema, mkubaliane kuhusu pikipiki, nauli na mtu wa kuamua kwa niaba yake, namba zao uziandike kwenye kadi ya mama.

Kama kuna dawa fulani inayokutatiza kwa wagonjwa wanaofunga Ramadhani, weka jina lake hapa tuijadili.